Rada Kwenye Sakafu ya Daraja Kuukuu: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Mwongozo huu ni wa mafundi sanifu na wahandisi wanaosukuma kigari cha rada juu ya madaraja ya Nairobi: yanayovuka Mto Nairobi, Mathare na Ngong, na yale yanayopita juu ya barabara au reli. Umetokana na malalamiko yale yale yanayorudi kila timu inaposhuka darajani na data yake. Nimeyapanga kwa dalili. Chini ya kila dalili utakuta kwanza chanzo cha kawaida, kisha vile visivyotokea sana. Na ukaguzi wa dakika chache unatangulia ule unaohitaji kompyuta au mashine ya kutoboa.

Jambo moja lieleweke kabla ya yote, maana makosa mengi ya tafsiri yanaanzia hapo. Rada haioni kutu. Inatuma wimbi la redio ndani ya zege, kisha inasikiliza mwangwi unaorudi kila wimbi linapokutana na kitu chenye tabia tofauti ya umeme. Tabia hiyo hupewa namba iitwayo dielektriki: hewa ni 1, zege kwa kawaida huwa kati ya 5 na 12 kutegemea unyevu wake, maji hukaribia 80. Chuma hurudisha karibu wimbi lote. Kwa hiyo unyevu kidogo ndani ya zege huigusa rada kuliko ufa mkavu, na nondo iliyoanza kushika kutu huonekana sawa na nondo safi.

Miongozo mingi ya kusoma picha hizi iliandikwa Marekani na Kanada, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi kali ili kuyeyusha barafu. Chumvi hiyo ikishikana na maji huingia ndani ya zege, hunyonya nguvu ya wimbi, na papo hapo hula nondo. Mwangwi dhaifu na kutu huandamana. Nairobi hakuna anayemwaga chumvi barabarani. Hapa chanzo cha kutu cha kutarajiwa kwanza ni kaboni dioksidi ya hewani inayopenya zege mwaka hadi mwaka na kuliondolea ualkali unaoilinda nondo. Zege la namna hiyo likiwa kavu hupitisha wimbi vizuri tu. Ukichukua kanuni za Chicago au Toronto na kuzitumia juu ya Mto Mathare bila kuzipima upya, ramani yako ya ubovu itapaka nyekundu mahali penye maji na kuacha kijani, rangi ya zege zima, mahali penye kutu.

Picha inafifia sentimita chache chini ya uso

Unaona mstari wa uso, labda na dalili ya nondo za juu, kisha giza.

Anza na maji. Gusa uso kwa kiganja, angalia pembezoni mwa ukingo na kwenye nyufa za lami. Masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba, kila mtu huyajua. Kinachosahaulika ni Julai. Mvua ya maana haipo, lakini mawingu na baridi ya Nairobi huchelewesha kukauka, na sakafu inayoonekana kavu juu bado imelowa ndani. Kama ratiba iko mikononi mwako, chagua Januari au Februari. Mvua kubwa ikikukatiza, subiri siku mbili tatu za jua kali. Na kama juu kuna lami yenye nyufa, subiri zaidi, kwa sababu maji hukaa kati ya lami na zege bila njia ya kutokea.

Kama sakafu ni kavu kweli, tazama mipangilio. Muda wa kusikiliza ukiwekwa mfupi, rada huacha kusikiliza kabla mwangwi wa chini haujafika. Sakafu ya sentimita 25, wimbi likienda sentimita 10 kwa nanosekunde (sehemu moja ya bilioni ya sekunde), inahitaji nanosekunde 5 kwenda na kurudi, na lami huongeza zake. Nanosekunde 10 hadi 12 zinatosha kwa sakafu nyingi. Angalia pia ukuzaji wa mawimbi: ukiwa mdogo chini ya picha, mwangwi upo ila hauonekani.

Baada ya hapo kagua kebo, plagi na betri. Kisha antena yenyewe: ya gigahezi 2.6 inatenganisha vitu vilivyokaribiana lakini haifiki mbali kama ya 1.6. Kwa sakafu za kawaida za sentimita 20 hadi 25, ya 1.6 ndiyo ya kuaminika zaidi ukitaka kuona mpaka chini.

Kipimo cha haraka kinachomaliza ubishi: peleka rada kwenye zege kavu unalolijua, kwa mfano sakafu ya ghala au veranda ya ofisi. Ikiona nondo pale, mashine haina tatizo. Tatizo liko darajani.

Vyanzo viwili vya mwisho havina dawa ya mipangilio. Kiraka cha zege changa bado kina maji mengi na kitaonekana kibovu kwa miezi. Na zege lililochanganywa nyuzi za chuma, au lenye wavu wa waya karibu na uso, hurudisha wimbi kabla halijaingia. Ukithibitisha mojawapo, acha rada na utumie njia nyingine. Kuendelea kusukuma kigari ni kupoteza siku na pesa za kufunga barabara.

Mistari mlalo inayojirudia picha nzima

Inua antena hewani, mbali na daraja na magari. Mistari ikibaki, inatoka kwenye mashine: plagi iliyolegea, kebo iliyokunjwa vibaya, au mashine haijapata joto la kufanyia kazi, hivyo iache iwake dakika 15. Ikitoweka, antena ilikuwa haikai sawasawa juu ya uso, mara nyingi kwa sababu bamba la chini limelika.

Kuna kichujio kwenye programu nyingi kinachofuta mistari mlalo. Kinasaidia, lakini kumbuka kwamba upande wa chini wa lami na upande wa chini wa zege nao ni mistari mlalo. Kichujio hakijui tofauti. Hifadhi nakala ya data ghafi isiyoguswa, na usipime unene wa tabaka lolote kwenye picha iliyochujwa.

Chembechembe za kelele, au pinde kubwa zisizo na maelezo

Chembechembe zilizotapakaa kwa kawaida ni simu yako mwenyewe mfukoni, redio za mkononi za wanaoongoza magari, au mnara wa simu uliosimama kando ya barabara. Simamisha antena mahali pamoja, zima simu zote zilizo karibu, uone kama picha inatulia. Mnara huwezi kuuzima. Hapo ongeza idadi ya vipimo vinavyojumlishwa kwa kila nukta na utembee polepole.

Pinde kubwa zenye mikono mirefu ni kitu kingine. Nondo huacha upinde mwembamba kwa sababu wimbi ndani ya zege huenda pole. Ukipima mikono ya upinde na kasi ikatoka karibu sentimita 30 kwa nanosekunde, wimbi hilo lilipita hewani: lori lililokuwa likipita njia ya pili, ukingo wa chuma, au nyaya za umeme juu ya kichwa chako. Liandike kando ya picha na ulipuuze.

Kina cha nondo hakilingani na kilichopimwa kwa mkono

Rada inasema sentimita 7, tundu lililotobolewa linaonyesha 5. Karibu kila mara kosa ni dielektriki iliyoachwa kama ilivyotoka kiwandani. Tazama hesabu. Mwangwi umerudi baada ya nanosekunde 1.2. Ukidhani dielektriki ni 6, kina ni sentimita 7.3. Ukidhani 9, ni 6. Ukidhani 12, ni 5.2. Wimbi ni lile lile na nondo ni ile ile, lakini tofauti inazidi sentimita 2, na hiyo inatosha kumfanya mhandisi aidhinishe kifuniko cha zege, yaani unene wa zege unaoifunika nondo, ambacho hakipo.

Namna ya kupata namba halisi: tafuta nondo moja inayoonekana wazi, toboa hadi uifikie, pima kina kwa rula. Zidisha 30 kwa muda wa mwangwi katika nanosekunde, gawanya kwa mara mbili ya kina katika sentimita, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Nondo iliyo kwenye sentimita 5 yenye mwangwi wa nanosekunde 1.1 inatoa 33 gawanya kwa 10, yaani 3.3, na mraba wake ni karibu 10.9. Hiyo ndiyo dielektriki ya zege lile, siku ile. Rudia mahali pengine, hasa ukiona rangi ya zege imebadilika, maana madaraja mengi ya zamani yalimwagwa kwa awamu. Usiazime namba ya jedwali la nchi nyingine. Kokoto za Nairobi ni za mawe ya volkeno, na jedwali lililopimwa kwenye chokaa au granaiti halikuandikwa kwa ajili yake.

Kama dielektriki ni sahihi na kina bado kinapishana kwa kiasi kile kile kila mahali, sifuri ya muda haikuwekwa pale wimbi linapogusa uso. Kama kinapishana zaidi penye lami nene, umehesabu lami na zege kama kitu kimoja. Lami huwa na dielektriki ndogo kuliko zege, hivyo kila tabaka lihesabiwe peke yake.

ONYO. Usitoboe hata tundu moja dogo kwenye daraja ambalo hujaona michoro yake, au ambalo limejengwa kwa nyaya za chuma zilizokazwa. Waya uliokazwa umebeba mzigo mkubwa sana. Ukikatwa unaweza kuua, na daraja hupoteza sehemu ya nguvu yake ambayo hakuna kiraka kitakachoirudisha. Hapo mwite mhandisi wa miundo kabla ya kuchomeka mashine kwenye umeme.

Urefu wa faili haulingani na urefu wa daraja

Gurudumu la kupimia limelika, lina tope, au linateleza kwenye vumbi. Lipime upya kwa futi kamba juu ya uso ule ule wa daraja, si kwenye sakafu laini ya ofisi, kwa umbali usiopungua mita 10. Bonyeza alama kila unapovuka kiungo cha upanuzi, yaani mwanya ulioachwa ili daraja lipate nafasi ya kutanuka, ili ukirudi kwenye kompyuta uweze kuvuta kila faili ikae mahali pake. Ramani yenye meno ya msumeno, ambapo mistari ya kwenda na ya kurudi inapishana, inatokana na kusahau kutoa umbali kati ya gurudumu na katikati ya antena.

Nondo hazionekani, au zinaonekana kama mstari badala ya pinde

Unatembea sambamba nazo. Upinde hutokea pale tu antena inapokatiza nondo. Kwenye sakafu nyingi nondo za juu kabisa zimelala kukatiza daraja, hivyo kupita kwa urefu wa daraja ndiko kunakofaa; lakini daraja lililojengwa mshazari kufuata mkondo wa mto linaweza kuwa na mpangilio mwingine. Pita mistari miwili mifupi kwa pembe tofauti kabla ya kuanza kazi yenyewe, na swali litajibika ndani ya dakika tano.

Kama mwelekeo ni sahihi, punguza mwendo na uongeze vipimo: angalau kimoja kila sentimita 1, bora kila nusu sentimita. Mistari iachane sentimita 60, na 30 palipo na mashaka. Nondo za chini kutoonekana si kosa la kazi yako kama zile za juu zimesongamana. Zinaziba wimbi, na ripoti iseme hivyo waziwazi badala ya kukisia.

Ramani ni nyekundu, lakini nyundo inasema zege ni zima

Hapa ndipo fedha za umma zinapopotea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ramani ya ubovu hutengenezwa kwa kulinganisha nguvu ya mwangwi wa nondo za juu, sehemu moja na nyingine. Palipo dhaifu panapakwa nyekundu. Kiwango cha D6087 cha ASTM, shirika la viwango lenye asili ya Marekani, kinachohusu madaraja yenye lami, na kazi nyingi zilizofuata, vimezoesha watu kutafuta mwangwi ulioshuka desibeli 6 hadi 8 chini ya ule wenye nguvu zaidi. Desibeli 6 ni nusu ya kimo cha wimbi. Lakini wimbi linaweza kupoteza nusu yake kwa sababu ambazo hazihusiani na kutu hata kidogo.

Ya kwanza, tena, ni maji, na mjini kwetu yana mahali pake pa kujulikana. Nenda kwenye nyekundu ukiwa na ramani mkononi, kisha inua macho. Je, umesimama karibu na tundu la kutolea maji? Limeziba kwa tope na mifuko? Vifuniko vya chuma vya matundu haya vimeibwa mara nyingi na kuuzwa kama vyuma chakavu, wizi ule ule wa mali ya umma uliofanya serikali isimamishe biashara ya vyuma chakavu mwaka 2022, na tundu lisilo na kifuniko hujaa taka ndani ya msimu mmoja. Je, uko karibu na kiungo cha upanuzi ambacho mpira wake umechanika? Je, kuna bomba la maji lililofungwa ubavuni mwa daraja linalovuja? Nyekundu inayofuata mteremko wa sakafu hadi ukingoni, au inayozunguka tundu, inakuonyesha njia ya maji. Hiyo ni habari nzuri ya kuandika: zibua tundu, badilisha mpira, ziba nyufa za lami. Gharama yake ni sehemu ndogo sana ya kuvunja na kumwaga zege upya, na isipofanywa sasa, baada ya miaka nyekundu hiyo itakuwa kutu ya kweli.

Ya pili ni kina. Nondo iliyo chini zaidi ina mwangwi dhaifu hata kama zege ni jipya, kwa sababu wimbi limesafiri mbali. Sakafu za zamani zilifungwa nondo kwa mkono, na kina cha nondo kinaweza kupanda na kushuka kwa sentimita kadhaa kati ya nguzo moja na inayofuata. Chora nguvu ya mwangwi dhidi ya muda wake kwa nondo zote, pitisha mstari kwenye nukta za juu, zile za zege bora, kisha utoe mteremko wa mstari huo kwenye data. Mara nyingi nyekundu hupungua mbele ya macho yako. Ramani isiyorekebishwa kwa kina isitoke ofisini kwenda kwa mteja.

Ya tatu ni viraka na awamu za ujenzi. Mpaka ulionyooka kama rula kati ya nyekundu na kijani ni mpaka wa siku mbili za kumwaga zege au wa kiraka. Ubovu wa asili hauna kingo zilizonyooka.

Ya nne hutokea kwa nadra ila ipo: nondo za sehemu hiyo ni nyembamba zaidi, au zimeachiana nafasi tofauti. Michoro ya ujenzi itakuambia.

Ukishaondoa hayo yote na nyekundu ikabaki, ndipo inafaa kupelekewa vipimo vingine. Buruta mnyororo, gonga kwa nyundo. Palipobambuka, yaani tabaka la zege limeachana ndani, hulia kama debe tupu. Pima volti ya nondo kwa elektrodi ya shaba na salfeti ya shaba: kwa ASTM C876, chini ya milivolti hasi 350 uwezekano wa kutu unazidi asilimia 90. Ila kiwango hicho chenyewe kinatahadharisha kwamba namba zake zisitumiwe pale ambapo kaboni imefika kwenye nondo, na hiyo ndiyo hali unayopaswa kuishuku Nairobi. Kwa hiyo toboa sampuli chache za zege, mbili kwenye nyekundu na moja kwenye kijani kwa uchache, vunja upande mmoja na unyunyizie papo hapo fenolifthaleini, dawa inayobadili rangi penye ualkali. Zege lenye afya hugeuka zambarau iliyoiva. Lililoishiwa ualkali hubaki na rangi yake ya kijivu. Pima kina cha kijivu hicho, ukilinganishe na kina cha nondo ambacho rada imekupa. Hapo ndipo rada inapoonyesha thamani yake kubwa katika jiji hili: ina uwezo wa kukupa kina cha kila nondo kwenye sakafu nzima ndani ya saa chache, na nondo zilizo karibu na uso ndizo ambazo kaboni itazifikia kwanza. Ramani ya kina, iliyosahihishwa vizuri, mimi naithamini kuliko ramani ya nyekundu na kijani.

Nyundo inalia utupu, lakini rada haionyeshi kitu

Dalili hii ndiyo ya hatari zaidi, na watu hudhani mwenye nyundo amekosea. Kwa kawaida hajakosea. Ndani ya zege lenye dielektriki ya 9, wimbi la gigahezi 1.6 lina urefu wa sentimita 6 hivi. Mpasuko mkavu wa milimita moja ni mwembamba mno kwa wimbi hilo. Linapita kana kwamba hakuna kitu. Mpasuko huo huo ukijaa maji baada ya mvua unaweza kuonekana wazi. Ndiyo sababu timu mbili zilizopita daraja moja, moja Februari na nyingine Mei, zinaweza kuleta majibu yanayopingana na zote ziwe zimefanya kazi sahihi.

Kagua kwanza kama utupu uko kwenye lami au kwenye zege. Lami iliyoachana na zege nayo hulia. Kata kipande kidogo cha lami na ugonge zege lenyewe. Likiendelea kulia, liamini sikio. Hatua inayofuata ni kipimo cha mwangwi wa kugonga, ambacho hutumia mtetemo badala ya redio na kwa hiyo husimamishwa na hewa hata ikiwa nyembamba. Kwenye ramani ya mwisho, pale nyundo na rada zinapotofautiana kuhusu kubambuka, weka jibu la nyundo.

Ramani mbili za daraja moja hazifanani

Hali ya hewa, antena tofauti, ukuzaji tofauti, au mizani ya rangi iliyojipanga upya yenyewe kwenye kila faili. La mwisho ndilo la kuangalia kwanza: funga mizani ya rangi iwe moja kwa faili zote kabla hujatafuta sababu nyingine. Ukitaka kufuatilia daraja mwaka hadi mwaka, pima mwezi ule ule, kwa antena ile ile, na uandike mvua ya wiki iliyotangulia.

Wapi pa kusimama

Kuna mambo ambayo mtu wa rada hapaswi kuyatatua, hata akiwa na uzoefu wa miaka.

Kabla ya kupima sakafu, shuka chini ya daraja utazame kwa macho. Zege lililoanguka na kuacha nondo wazi, nyufa zinazovuja maji yenye rangi ya kutu, boriti iliyojikunja, au sakafu iliyohama juu ya nguzo zake: usianze kupima. Watoe watu wako, na utoe taarifa siku hiyo hiyo kwa mamlaka yenye barabara hiyo. Barabara kuu za kitaifa ni za KeNHA, mamlaka ya barabara kuu. Nyingi za mjini ni za KURA, mamlaka ya barabara za mijini, au Kaunti ya Nairobi. Uamuzi wa kupunguza uzito wa magari au kufunga daraja ni wa mhandisi wa miundo aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, na asaini yeye.

Baada ya mafuriko, kama yale ya Aprili na Mei 2024, swali la kwanza ni misingi. Maji huchimba udongo chini ya nguzo, na rada ya juu ya sakafu haiwezi kukuambia lolote kuhusu hilo. Sakafu inaweza kutoa picha safi kabisa huku nguzo imebaki na udongo nusu. Mtaalamu wa misingi atangulie.

Kwenye madaraja yenye nyaya zilizokazwa ndani ya mabomba, rada itakuonyesha bomba liko wapi. Bomba likiwa la chuma, haitakuonyesha kama ndani kumejazwa uji wa saruji vizuri au kuna utupu, kwa kuwa wimbi haliingii. Usikubali kazi ya kutoa jibu hilo kwa rada. Mteja akisisitiza, mwelekeze kwa wanaopima kwa mtetemo.

Njia za kuingilia darajani, nyuma ya ukuta wa mwisho, zina shida ya peke yake. Sehemu kubwa ya mashariki na kusini mwa jiji imekaa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Udongo huo hulimeza wimbi la rada karibu lote. Kama slabu ya kuingilia imezama na unashuku shimo chini yake, rada inaweza kukuonyesha mwanya wa hewa au maji uliogusana na upande wa chini wa slabu, lakini si kilicho chini zaidi ya hapo. Tundu dogo na kijiti cha kupimia vitakupa jibu la kina. Na kijiti kikizama bila kugota, weka koni, funga njia hiyo, na upige simu kwa mamlaka ukiwa bado pale pale.

Na magari. Barabara zenye shughuli za Nairobi zipimwe Jumapili alfajiri, njia moja ikiwa imefungwa kwa kibali na askari wa trafiki yupo. Kama askari hajafika, kazi haijaanza. Mtu anayesukuma kigari huku macho yakiwa kwenye skrini haoni matatu inayohama njia, kwa hiyo mwenzake mmoja asiwe na kazi nyingine yoyote ila kutazama magari.